Je, ununue mashine ya ovaloki? Hesabu ya kufanya kabla ya kutoa akiba yako

Kama unashona nguo nyumbani kwako katika makazi ya Mantapala, au una cherehani kibarazani Kashikishi, Nchelenge au kijiji chochote cha kando ya Ziwa Mweru, huenda umeshasikia maneno haya kutoka kwa mteja: "Ndani nyuzi zinatoka." Mteja akisema hivyo, mawazo ya fundi huenda moja kwa moja kwenye ovaloki, ile mashine inayokata ukingo wa kitambaa na kuufunga kwa nyuzi kwa wakati mmoja. Waliojifunza kushona Kongo wengi huiita surjeteuse.

Mashine hiyo ni nzuri. Lakini kwa familia nyingi bei yake ni akiba ya miezi mingi, na wapo wanaoingia kwenye deni ili kuipata. Makala hii itakusaidia kuamua kama unaihitaji sasa, baadaye, au huihitaji kabisa.

Kwa ufupi

- Ovaloki haichukui nafasi ya cherehani. Kama huna cherehani nzuri, nunua cherehani kwanza.
- Kama unashonea familia yako tu, zipo njia nyingine za kufunga kingo zisizohitaji ovaloki.
- Kama unashona nguo za kuuza, hesabu nguo unazoshona kwa mwezi na gharama ya kupeleka kazi kwa mwenye ovaloki. Hesabu hiyo ndiyo itakayokupa jibu.
- Usinunue mashine kabla ya kujua itapata umeme wapi na nani ataitengeneza ikiharibika.
- Kununua kwa kikundi mara nyingi ni bora kuliko kununua peke yako.

Ovaloki inafanya nini, na haifanyi nini?

Cherehani ya kawaida hutumia nyuzi mbili: moja ya juu kwenye sindano na nyingine ya chini kwenye bobini. Ovaloki haina bobini. Ina sindano moja au mbili, na chini yake mikono miwili ya chuma inayopitisha nyuzi juu na chini ya ukingo wa kitambaa. Pembeni kuna kisu kinachokata kitambaa kilichozidi kabla ya nyuzi kukifunga. Kwa hiyo mashine ya sindano moja hutumia nyuzi 3, na ya sindano mbili hutumia nyuzi 4. Zipo pia za viwandani zenye nyuzi 5.

Faida yake kubwa ni mbili. Kwanza, ukingo haufumuki hata nguo ikifuliwa mara nyingi. Pili, mshono wake unavutika. Ndiyo maana fulana na nguo nyingine za kitambaa kinachonyumbulika hushonwa kwa ovaloki. Ukishona fulana kwa mshono wa kawaida wa cherehani ulionyooka, uzi hukatika mtu anapoivaa na kuivuta.

Lakini ovaloki hufanya kazi ukingoni tu. Haiwezi kutia zipu, kutoboa tundu la kifungo, kushona mfuko katikati ya shati wala kushona mstari wa juu wa kola. Kazi hizo zote zinabaki kwa cherehani. Anayeuza cherehani yake ili anunue ovaloki atajikuta hawezi kumaliza hata gauni moja.

Kwa nini wateja wanaijali?

Soko la nguo hapa lina mshindani mkubwa: salaula. Nguo za mitumba zinazouzwa Kashikishi na kwenye masoko mengine ya Luapula zilishonwa viwandani, na kingo zake karibu zote zimepigwa ovaloki. Mteja aliyezoea salaula akigeuza gauni lako upande wa ndani na kukuta nyuzi zinaning'inia, atadhani kazi yote ni mbaya, hata kama mishono yako imenyooka na vipimo ni sawa.

Hata hivyo, vitambaa havifumuki kwa kiasi kimoja. Ni vizuri kujua unashona nini zaidi:

- Chitenge cha pamba, ambacho Wakongo wengi hukiita kikwembe, kimefumwa kwa kubana. Kinatoka nyuzi, lakini polepole. Kinaweza kumalizwa vizuri bila ovaloki.
- Kitambaa cha sare za shule na cha suruali, hasa chenye nailoni au poliesta, hufumuka haraka. Sare pia hufuliwa mara nyingi kuliko nguo za kanisani, kwa hiyo udhaifu wake huonekana mapema.
- Satini na vitambaa laini vya sherehe hufumuka vibaya sana, wakati mwingine hata kabla hujamaliza kushona.
- Kitambaa cha fulana hakifumuki kama vingine, lakini kinahitaji mshono unaovutika. Hapa ovaloki inasaidia kuliko popote.
- Pedi za kufua zinazotumiwa tena hufuliwa sana. Kingo zake lazima zifungwe kwa zigizaga au ovaloki.

Kama kazi yako kubwa ni magauni na sketi za chitenge, haraka ya kununua ni ndogo. Kama umepata kazi ya sare nyingi, au unataka kushona fulana na nguo za michezo, hitaji lako ni la kweli zaidi.

Njia 5 za kufunga kingo bila ovaloki

Jaribu njia hizi kabla ya kutoa pesa. Fundi anayezijua vizuri anaweza kuuza nguo ambayo mteja haoni kasoro ndani yake.

1. Mshono wa kuficha. Weka vipande viwili vya kitambaa ili upande wa nje wa nguo uonekane, yaani kinyume cha kawaida. Shona nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza nyuzi zilizotoka, geuza kitambaa, kisha shona tena kwa upana wa sentimita 1 hivi. Ukingo wote unabaki umefungiwa ndani. Unapokata kitambaa, acha nafasi ya mshono ya sentimita 1 na nusu. Njia hii inafaa sana kwa chitenge na vitambaa vyepesi.

2. Mshono bapa, kama ule wa suruali ya jinzi. Shona kawaida, punguza upande mmoja wa ukingo, ufunike kwa upande wa pili uliokunjwa, kisha shona juu yake. Ni mshono imara sana kwa suruali, mashati na sare.

3. Utepe wa mshazari. Kata vipande vya chitenge vilivyobaki kwa mshazari, ukifunika ukingo kwa utepe huo. Unatumia mabaki ambayo ungeyatupa, na ndani ya nguo hupendeza. Kazi yake ni ndefu, kwa hiyo iweke kwenye nguo unayoitoza bei nzuri.

4. Zigizaga. Cherehani nyeusi za kukanyaga, zilizo nyingi hapa, hushona mstari ulionyooka tu. Lakini kama yako ina zigizaga, ipitishe ukingoni, sindano ikiangukia mara moja ndani ya kitambaa na mara nyingine nje kidogo tu. Cherehani yenye zigizaga huweza pia kushona fulana, ingawa polepole kuliko ovaloki. Kwa mtu mwenye pesa ya mashine moja tu, hii mara nyingi ndiyo bora kununua.

5. Mkasi wa meno. Hukata ukingo kwa umbo la meno ya msumeno. Unapunguza kasi ya kufumuka lakini hauzuii kabisa. Utumie kwa nguo isiyofuliwa mara nyingi. Usiutegemee kwa sare.

Gharama inayosahaulika: uzi

Ovaloki inakula uzi. Mita 1 ya mshono wa kawaida wa cherehani huhitaji karibu mita 2 na nusu hadi 3 za uzi. Mita 1 ya ovaloki ya nyuzi 3 huhitaji karibu mita 14, na ya nyuzi 4 karibu mita 18.

Tuchukue gauni lenye mishono ya jumla ya mita 8. Ukipiga ovaloki kila ukingo peke yake, ni kingo mbili kwa kila mshono, yaani mita 16. Zidisha kwa 14: gauni hilo moja linakula uzi wa mita 224. Ukishona vipande viwili pamoja kisha ukavifunga kwa mara moja, unatumia nusu ya hapo, mita 112.

Ndiyo maana wenye ovaloki hununua uzi wa koni kubwa na si vibobini vidogo. Na unahitaji koni 3 au 4 za rangi moja kwa wakati mmoja. Mafundi wengi huweka rangi chache tu, kama nyeupe, nyeusi na kijivu, kwa sababu uzi uko ndani ya nguo na hauonekani. Weka bei ya koni hizo kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Fanya hesabu hii kwa pesa zako

Hapa chini tumetumia namba za mfano ili uone jinsi ya kuhesabu. Si bei za soko. Uliza bei za leo Kashikishi au Mansa, kisha uziweke mahali pa namba zetu.

Tuseme ovaloki ndogo pamoja na meza na mota yake ni kwacha 4,000. Mwenye ovaloki mjini anatoza kwacha 5 kwa nguo moja. Nauli yako ya kwenda na kurudi ni kwacha 60. Ukiwa na mashine yako mwenyewe, uzi, mafuta, sindano na umeme vinagharimu kwacha 3 kwa nguo moja.

Mama wa kwanza anashona nguo 20 kwa mwezi na anakwenda mjini mara 4. Analipa kwacha 100 za ovaloki na 240 za nauli, jumla 340. Akiwa na mashine yake angetumia 60. Anaokoa 280 kwa mwezi. Mashine itarudisha pesa yake baada ya miezi 14 hivi.

Mama wa pili anashona nguo 8 kwa mwezi na anakwenda mjini mara 2. Analipa 40 na 120, jumla 160. Akiwa na mashine angetumia 24. Anaokoa 136. Mashine itarudisha pesa yake baada ya karibu miezi 30, yaani miaka miwili na nusu, na hiyo ni kama haitaharibika.

Mama wa tatu anashona nguo 20, lakini jirani yake katika makazi ana ovaloki. Halipi nauli. Analipa kwacha 100 tu kwa mwezi. Akinunua yake ataokoa 40. Itamchukua miezi 100, zaidi ya miaka 8. Huyu asinunue. Aendelee kumpa jirani kazi.

Baba wa nne yuko kama mama wa kwanza, lakini mafundi wenzake wanamletea nguo 60 kwa mwezi azipige ovaloki kwa kwacha 5. Baada ya kutoa gharama anabaki na 120 zaidi. Jumla anapata 400 kwa mwezi, na mashine inarudisha pesa yake ndani ya miezi 10.

Mifano hii inaonyesha kwamba kinachowamaliza wengi si bei ya kupiga ovaloki bali ni nauli. Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize kama unaweza kupunguza safari. Kusanya kazi ya wiki mbili uipeleke mara moja, au pelekaneni kwa zamu na mafundi wenzako. Inaonyesha pia kwamba ovaloki hulipa haraka inapofanya kazi ya watu wengi. Ikifunga kingo za mtu mmoja tu, hukaa muda mrefu ikiwa imefunikwa kitambaa.

Umeme utautoa wapi?

Swali hili limewafanya wengine wabaki na mashine isiyofanya kazi. Lijibu kabla ya kulipa.

Kama nyumba yako imeunganishwa na ZESCO, kumbuka kwamba umeme huo nao hukatika. Mwaka 2024 ukame ulipunguza sana maji ya Ziwa Kariba, na nchi nzima ikakaa bila umeme kwa saa nyingi kila siku. Fundi anayeahidi nguo kwa tarehe maalumu lazima awe na njia ya pili.

Kama unatumia sola, tazama kibandiko nyuma ya mashine au kwenye mota kinachoonyesha wati. Ovaloki nyingi ndogo za nyumbani hutumia wati 90 hadi 120. Sola ndogo ya taa na kuchaji simu haiwezi kuiendesha. Unahitaji paneli, betri kubwa na inveta. Kwa mfano, betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200. Ili isiharibike mapema, betri ya kawaida ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani Wh 600. Mashine ya wati 120 ikifanya kazi bila kusimama ingemaliza kiasi hicho kwa saa 5, au pungufu kidogo kwa kuwa inveta nayo hula umeme.

Mashine kubwa za viwandani ni jambo jingine. Mota yake ya zamani huzunguka muda wote ikiwa imewashwa, hata usiposhona, na hula karibu wati 400. Inapoanza huvuta umeme mwingi zaidi kwa sekunde chache, na inveta ndogo huzima. Mota ya aina mpya iitwayo servo hula umeme pale tu unapokanyaga. Kama ni lazima ununue ya viwandani, uliza kama ina servo.

Zipo pia ovaloki ndogo za nyuzi 3 zinazofungwa kwenye meza ya kukanyaga kwa miguu kama cherehani ya kawaida. Ni za polepole, lakini hazidai umeme wala sola. Kwa nyumba nyingi za Mantapala na za vijijini, hii ndiyo ya kuulizia kwanza.

Unapoikagua mashine ya kununua

Iwe mpya au imeshatumika, usiilipie bila kuijaribu. Nenda na vipande vyako vitatu: chitenge, kitambaa cha sare na kipande cha fulana ya zamani. Muuzaji akikataa usijaribu, ondoka.

- Shona vipande vyote vitatu. Nyuzi zikutane pembeni kabisa mwa ukingo, zisilegee wala kuukunja.
- Tazama kisu. Kikate kitambaa safi bila kukitafuna. Uliza bei ya kisu kingine.
- Vuta mshono wa fulana. Usikatike.
- Omba uonyeshwe jinsi ya kupitisha nyuzi, kisha ufanye mwenyewe mbele ya muuzaji. Kwa kawaida nyuzi za mikono ya chini hupitishwa kwanza na za sindano mwisho. Ukikosea mpangilio, nyuzi hukatika kila mara.
- Uliza ni sindano ya aina gani. Ovaloki nyingi za nyumbani hutumia sindano za cherehani ya kawaida ya nyumbani, lakini za viwandani hutumia sindano zake pekee. Hakikisha zinapatikana karibu.
- Izungushe kwa mkono. Isikwame wala kutoa sauti ya chuma kugonga chuma. Mikono ya chini ikigonga sindano, mashine imepoteza mpangilio, na kuurekebisha kunahitaji fundi.
- Jua jina na mahali pa fundi wa ovaloki. Fundi wa cherehani si lazima awe anajua ovaloki. Kama wa karibu yuko Mansa, nauli ya kubeba mashine ni sehemu ya bei yake.

Omba risiti yenye jina lako na namba ya mashine. Itakusaidia barabarani ukiulizwa, na hata mashine ikiibiwa. Kama wewe ni mkimbizi na unataka kusafiri nje ya makazi kwenda kununua, pata kwanza kibali cha kutoka kwenye ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi. Ukisikia kwamba ng'ambo ya ziwa bei ni nafuu, usivuke mpaka kabla ya kuzungumza na ofisi hiyo. Nafuu ya bei isikuletee matatizo ya hati zako.

Fikiri pia kuhusu kesho. Tangu Desemba 2021 baadhi ya familia za Mantapala zimechagua kurudi Kongo kwa hiari yao. Kama familia yako inalifikiria jambo hilo, ovaloki ndogo hubebwa na mtu mmoja, lakini ya kiwandani na meza yake inahitaji gari na watu kadhaa.

Pesa: akiba, kikundi au mkopo?

Njia salama ni akiba yako. Lakini chagua wakati. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Miezi hiyo pesa hupungua mikononi mwa wavuvi, wachuuzi wa samaki na wote wanaowauzia, hata washonaji. Sare za Januari shule zinapofunguliwa husaidia kidogo, lakini wazazi wengi huomba kulipa baadaye. Usianze kulipa mashine kwa awamu mwezi Desemba. Miezi ya baada ya uvuvi kufunguliwa ni bora zaidi.

Kaa mbali na kaloba. Riba ya mkopeshaji wa mtaani hukua haraka kuliko mashine inavyoweza kulipa, na mara nyingi anachokichukua ukishindwa ni cherehani yako, ile iliyokuwa inakulisha.

Njia inayofaa wengi ni kikundi. Wazambia wana chilimba, Wakongo wana likelemba, na wazo ni lile lile: kila mtu anatoa, kisha mmoja anapokea. Mafundi watano wakichangia mashine ya kwacha 4,000 ya mfano wetu, kila mmoja anatoa 800, na mashine inapata kazi ya watu watano tangu siku ya kwanza. Wakimbizi na wenyeji mnaweza kuwa kikundi kimoja. Mwenyeji anaweza kuwa na nyumba yenye umeme, na mkimbizi anaweza kuwa aliyejifunza kuitumia mashine hiyo Kongo.

Lakini vikundi huvunjika kwa sababu ya mambo yasiyosemwa. Andikeni mapema, kwa lugha inayosomwa na wote:

- Mashine itakaa kwa nani, na nani ana ufunguo?
- Kila nguo italipiwa kiasi gani kwenye sanduku la matengenezo, na nani anashika hesabu?
- Nani anaruhusiwa kurekebisha mkazo wa nyuzi na kubadilisha kisu?
- Mwanachama akihama au akirudi Kongo, atarudishiwa kiasi gani?
- Mashine ikiharibika mikononi mwa mmoja, nani analipa?

Kama unajiunga na mafunzo ya ushonaji, uliza kama yanafundisha ovaloki na kama wahitimu wanaweza kuitumia mashine ya kituo kwa malipo kidogo. Kuitumia kwa mwezi mmoja kabla ya kununua kutakuambia mengi kuliko tangazo la muuzaji.

Usalama nyumbani

Kisu cha ovaloki hakichagui. Zima mashine na uchomoe waya kabla ya kubadilisha sindano au kupitisha nyuzi. Usiweke pini ukingoni mwa kitambaa, kwa sababu pini ikifika kwenye kisu huvunjika na kuruka. Funika mashine wakati huitumii, weka watoto mbali, na ufagie vumbi la kitambaa kila siku. Tia mafuta ya cherehani mahali kitabu chake kinapoelekeza. Mafuta ya kupikia hugandamana na kuikwamisha.

Basi, ununue au usinunue?

Chukua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila nguo uliyoshona, kitambaa chake, na kwacha ulizotumia kupiga ovaloki na kusafiri. Andika pia kila mteja aliyelalamikia kingo.

Mwisho wa mwezi, kama nguo ni chache, nyingi ni za chitenge, na malalamiko ni mawili matatu, weka akiba yako. Jifunze mshono wa kuficha na mshono bapa, au fikiria cherehani yenye zigizaga. Kama kuna jirani mwenye ovaloki, mpe kazi.

Kama nguo ni nyingi, nauli inakula faida yako, umeme au meza ya kukanyaga ipo, fundi wa kuitengeneza unamjua, na mafundi wenzako wako tayari kukuletea kazi, basi ovaloki inakufaa. Nunua ndogo kwanza, ijaribu kwa kitambaa chako mwenyewe, na uitunze risiti.

Na kama bado huna uhakika, liweke swali hili mbele ya kikundi chako cha akiba. Hesabu iliyopitiwa na watu watano huonyesha makosa ambayo mtu mmoja mwenye hamu ya mashine hayaoni.